Mita Tisa za Bénie

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Lubumbashi ilikuwa katika ile baridi ya kipupwe inayopasua midomo. Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Upepo ulitoka upande wa mgodi ukamwaga vumbi jembamba juu ya mabati ya mtaa wa Ruashi, na wanafunzi waliingia uwanjani wamejifunika vitenge vya mama zao juu ya sare. Haikuwa hali ya hewa ya kumpimia mtoto nguvu za miguu. Lakini ratiba ilisema siku hiyo ni ya kupima, na Alphonse Katongo, mwalimu wa elimu ya viungo, hakuwa mtu wa kubishana na ratiba.

Alikuwa amefika kabla ya kengele. Kwenye baraza ndefu ya saruji iliyopita mbele ya madarasa alichora mistari kwa chaki, mmoja kwa kila mita, hadi thelathini, kwa utepe alioazima kwa seremala na kuukagua mara mbili. Mikono ya shati lake ilikunjwa sawasawa, kama ya mtu anayengoja kukaguliwa. Kule Kilwa, kando ya ziwa Mweru, katika bweni la mapadri alikokulia tangu umri wa miaka kumi na miwili, alifundishwa kwamba jambo huandikwa kama lilivyoonekana, siku ileile lililoonekana, kwa wino. Fundisho hilo alilipenda na kujivunia. Wenzake waliosoma shule za mjini, za kurudi kwa mama kila jioni, aliwatazama kama watu waliopungukiwa kitu, na hakujitahidi sana kuuficha mtazamo huo.

Darasa maalumu lilikuwa na watoto kumi na mmoja, na kazi yake ilikuwa kumlinganisha kila mmoja na nafsi yake: mwezi wa kumi alifanya nini, na leo anafanya nini. Bénie alikuja wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa na ugonjwa wa ubongo uliomfunga mguu wa kushoto, na mguu huo ulishikiliwa na kifaa cha chuma kilichopanda kutoka kwenye kiatu hadi chini ya goti. Kipimo chake kilikuwa rahisi: atembee bila kushika ukuta wala mkono wa mtu, na mstari wa mwisho atakaouvuka kabla ya kushika ukuta ndio utakaoandikwa.

Alianza vizuri, ameinua kidevu. Kwenye mstari wa sita bega lilianza kuinama. Kwenye wa nane alikuwa akivuta pumzi kwa meno. Alipouvuka wa tisa, kiganja chake kilipiga ukuta na kubaki hapo.

“Maître, nirudilie?” alimwuliza mwalimu, akitaka kuanza upya.

Alphonse alimwambia hapana, apumzike. Aliandika tisa katika daftari lake la miraba, kisha akafunua kurasa za nyuma, akafuata kwa kidole jina la Bénie. Juni ya mwaka uliopita: ishirini na nne. Oktoba: ishirini na mbili. Februari: kumi na tano. Sasa tisa. Zote zilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe, safi, zimepangwa juu ya mstari.

Alichuchumaa akamwomba amwonyeshe mguu. Mkanda wa juu, uliopaswa kukaa chini kidogo ya goti, ulikuwa umekaa katikati ya shavu la mguu. Mtoto alikuwa amerefuka. Chuma kilibaki vilevile. Mahali mkanda ulipokaza, ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu, na katikati ya weusi huo palikuwa na kidonda kibichi chenye upana wa ukucha.

“Inaniluma,” Bénie alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za jirani. “Lakini nilishazoea.”

“Tangu lini?”

“Tangu Noeli.”

“Na juu ya nini haukuniambia?”

Mtoto alimtazama kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la ajabu. “Ku buletini mulisema niko nafanya muzuri, Maître.”

Hapo ni lazima ielezwe desturi ya shule ile kuhusu buletini, yaani karatasi ya alama ya kila muhula. Darasa maalumu lilipofunguliwa, walimu walikaa kikao, wakanywa chai, wakakubaliana kwa moyo mweupe kwamba mtoto mlemavu asipewe alama mbaya katika elimu ya viungo, maana Mungu amekwisha kumpima vya kutosha. Wala asipewe alama kubwa, maana wazima watanung'unika. Basi wote wapewe kumi na mbili juu ya ishirini, kila muhula. Waliziita pointi za huruma. Guelor, kiziwi aliyewashinda mbio wavulana wote wa darasa la sita, alipewa kumi na mbili. Kangwa, aliyekuwa akishushwa mgongoni mwa dada yake na kuketishwa, alipewa kumi na mbili. Hakuna mzazi aliyelalamika, hakuna mkaguzi aliyeuliza.

Na Alphonse Katongo, mwana wa bweni, mtu wa wino, alitia sahihi yake kama wengine. Alichofanya zaidi yao ni kupima kwa kweli na kuandika kweli katika daftari lake la miraba, ili dhamiri yake ipate usingizi. Ukweli aliuweka mfukoni, uongo akaupeleka ofisini, na kwa miaka miwili aliamini kwamba daftari lile la mfukoni lilimtenga na watu wa kawaida.

Alimwomba Bénie kadi yake ya kituo cha viungo, kile cha masista waliokuwa wakitengeneza na kubadilisha vyuma. Mtoto aliitoa mfukoni mwa begi, imekunjwa mara nne. Masista walikuwa na vyuma vichache kuliko miguu iliyovihitaji, kwa hiyo kila mwezi wa sita kamati yao ilikaa na kuanza na watoto waliokuwa wakirudi nyuma. Daktari wao alimwona mtoto robo saa kwa mwaka, shule ilimwona kila juma. Ndiyo maana waliitegemea karatasi ya shule, yenye sahihi ya mwalimu na muhuri. Kwenye kadi, mbele ya mwaka uliopita, mtu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: Shule yatoa 12, 12, 12. Hali haijabadilika. Chuma kisibadilishwe.

Kamati ya mwaka huu ilikuwa ikae Alhamisi ya tarehe 19. Chuma kisipobadilishwa sasa, mtoto angengoja mwaka mwingine mzima. Na kwa mwendo ule wa ishirini na nne, ishirini na mbili, kumi na tano, tisa, hesabu ya mwaka mwingine haikuhitaji mwalimu wa hisabati.

Alphonse alisimama. Hasira ilimpanda polepole kutoka magotini. Angependa iwe hasira juu ya masista, au juu ya kile kikao cha chai. Lakini kila alipotaka kuitupa, ilirudi ikamkuta yeye.

Mkurugenzi wa shule, Jean-Claude Lombe, alikuwa ofisini mwake, koti begani, chai mbele yake. Alikuwa amemtangulia Alphonse miaka miwili katika bweni lilelile la Kilwa, na mpaka leo, wakiwa wote wamepita miaka hamsini, walipokuwa peke yao mmoja alikuwa “grand” na mwingine “petit”, yaani mkubwa na mdogo. Kabla Alphonse hajafungua kinywa, mkurugenzi alimsukumia karatasi iliyopigwa chapa. Juu yake palikuwa na majina kumi na moja ya darasa maalumu, na mbele ya kila jina, kumi na sita.

Alieleza kwa furaha. Wafadhili wa darasa walikuwa waje siku ya kutangaza matokeo. Walitaka kuona maendeleo. Mwaka jana watoto wote walikuwa na kumi na mbili, mwaka huu wote watakuwa na kumi na sita; hata mtu asiyejua Kifaransa angeona kwamba shule inapanda. Alikuwa amekwisha kuwadokezea wazazi, ili wavae vizuri. Kilichobaki ni Alphonse kuzisoma alama hizo katika kikao cha Ijumaa.

Alphonse alimfungulia daftari la miraba, akamweleza mita, akamweleza mkanda na kidonda na maneno ya kadi. Mkurugenzi alisikiliza huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. Alipojibu, hakuwa mkali. Alisema karatasi inayosema mtoto amerudi nyuma ndani ya shule hii, inasema ni shule iliyomrudisha. Alphonse alimwambia hivyo ndivyo ilivyo. Mkurugenzi akasema kwamba mita tisa ni aibu ya kumwonyesha mgeni. Alphonse akasema aibu hiyo imekaa kwenye mguu wa mtoto tangu Noeli, haikungoja mgeni.

Ndipo mkurugenzi akaweka kijiko chini.

“Petit,” alisema, “ule mwaka wa mvua, nani alikubeba ku mugongo?”

Alphonse alilifunga daftari la miraba.

“Miye nakuuliza. Nani?”

“Ni weye, grand.”

Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua kila hatua yake. Alphonse alikuwa na miaka kumi na mitano. Alivunjika mguu katika mchezo wa mpira kati ya madarasa. Gari la misheni lilikuwa bovu, mvua ilikuwa imeikata barabara, na zahanati ilikuwa mbali, kilomita kumi na nne. Jean-Claude, mwenye miaka kumi na saba, alimpandisha mgongoni baada ya misa ya asubuhi na kumtua kwa mwuguzi alasiri, matope yamemfika kiunoni, mabega yamechubuka. Hakuwahi kujisifu. Kwa miaka thelathini na sita hakuwahi hata mara moja kuomba chochote kwa ajili ya siku hiyo. Watu waliokulia bweni hawaandiki madeni ya namna hiyo mahali popote, lakini hawayasahau, na siku yanapodaiwa hulipwa.

“Kama haiko ule mugongo wangu,” mkurugenzi alisema, taratibu, kama anayepima dawa, “leo ungekuwa mu ile classe, umekaa na ba Kangwa, mwalimu mwingine anakupima na chaki. Miye naomba kitu kimoja tu. Usome kumi na sita.”

Alphonse aliichukua karatasi akaikunja. Alisema watazungumza Ijumaa. Alipotoka nje, mistari yake ya chaki ilikuwa imeanza kufutwa na miguu ya watoto, na aligundua kwamba alikuwa akichechemea, kidogo tu, kwa mguu uliopona zamani.

Jumatano alasiri alikwenda mtaa wa Naviundu kumtafuta mama yake Bénie. Dorine aliuza unga kwenye meza ya mbao karibu na daraja, wa mahindi upande mmoja na wa mihogo upande mwingine, akiupima kwa kopo la maziwa lililokatwa. Alipomwona mwalimu aliinuka, akajifuta mikono, akamvutia kibao akae. Habari ya kumi na sita ilikuwa imemfikia, na uso wake uling'aa kwayo. Alisimulia kwamba amekwisha kumwambia mama mkwe, yule aliyesema mjukuu wake ni wa kulishwa tu. Alikuwa akishona kitenge kipya kwa ajili ya siku ya matokeo. Asante, Maître, na Mungu awabariki nyote pale shuleni.

Alphonse hakukaa. Alijua kwamba akikaa ataanza kupamba maneno. Alimweleza akiwa amesimama: mita ngapi mwaka jana, mita ngapi leo, mkanda uko wapi, kadi inasema nini. Akamweleza kwamba kumi na mbili haikuwa kipimo cha kitu chochote, na kumi na sita haitakuwa. Mteja mmoja alikuwa amenyoosha mfuko. Dorine aliendelea kumpimia, kopo likajaa, unga ukaanza kumwagika pembeni, na hakuacha kumimina mpaka mteja mwenyewe alipomshika mkono.

“Sasa weye ulikuwa unajua,” alisema mwishowe.

“Nilikuwa najua.”

“Tangu mwanzo.”

“Tangu mwanzo, mama Bénie.”

“Miaka mbili, Maître.” Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa sababu hiyo wauzaji wa meza za jirani walinyamaza ili waisikie. “Miaka mbili nasoma kumi na mbili, namuambia mutoto: unaona, uko muzuri, acha kulialia. Asubui analia juu ya ile kyuma, miye namufokea. Namufunga miye mwenyewe, nakaza, juu mulisema iko muzuri. Ile kidonda ni mikono yangu ilifanya, na ma-points yenu.”

Katika maisha yake Alphonse alikuwa amekemewa na mapadri, wakaguzi, na mara moja na kanali. Daima alijua namna ya kusimama wima na kungoja yaishe. Sasa alisimama wima, na kusimama huko kulionekana kwake mwenyewe kuwa upuuzi.

“Ile huruma yenu mutakula wenyewe,” Dorine alisema. “Andika tisa. Na uandike juu ya nini iko tisa. Kama munaogopa, nitakuya miye kuandika, hata kama mukono wangu ni wa kuuzisha bunga.”

Kisha alimgeuzia mgongo akampimia mteja aliyefuata.

Kikao cha Ijumaa, tarehe 13, kilianza saa tatu. Walimu kumi na wanne walikaa kwenye madawati ya darasa la sita, magoti yakigonga mbao, kwa kuwa shule haikuwa na chumba kingine. Utaratibu ulikuwa wa zamani na uliheshimiwa: kila mwalimu husimama, husoma alama zake kwa sauti, na katibu huziandika kwa wino katika kitabu kikubwa. Alama ikisha kuandikwa, hakuna mtu anayeweza kuigusa, hata mkurugenzi. Ni mwalimu mwenyewe tu awezaye kuikata na kutia sahihi kando ya mkato. Katibu alikuwa mama Julienne, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeandika kitabu hicho chini ya wakurugenzi wanne na ambaye pia alitunza muhuri. Siku ya kikao alikuwa na ruhusa ya kutoa nakala yenye muhuri kwa mzazi yeyote wa darasa maalumu atakayeiomba, maana masista waliihitaji mapema. Na kwenye benchi nje ya mlango, tangu kengele ya kwanza, alikuwa ameketi Dorine.

Zamu ya Alphonse ilipofika, mkurugenzi alimtazama, akatazama dirishani, kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Alphonse hakufungua karatasi iliyokunjwa. Alifungua daftari la miraba, na kabla ya kusoma, alimwomba mama Julienne amfunulie kurasa za nyuma za kitabu kikubwa na ampe kalamu. Alisema mbele ya wote kwamba alama zote alizowapa watoto wa darasa maalumu kwa miaka miwili zilikuwa za uongo. Kwamba alijua ni za uongo alipoziandika. Na kwamba anazikata. Akainama juu ya kitabu akaanza kukata, na kutia sahihi kando ya kila mkato. Darasa zima lilisikia kalamu ikikwaruza. Alipofika jina la sita, Constance, mwalimu wa darasa la tano, ambaye ndiye aliyetoa wazo la pointi za huruma siku ile ya chai, hakuweza kuvumilia kuitwa mwongo.

“Donc shiye bote tuko ba bongo?”

“Ndiyo,” Alphonse alisema, bila kuinua kichwa. “Na miye wa kwanza. Weye ulisema bongo juu ya kutojua. Miye nilikuwa na mita mu mufuko.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajuta. Alphonse alimaliza kukata, akasimama wima, akasoma. Alimsoma Guelor: kumi na nane, mbio na kuruka, mtoto huyu amenyimwa haki yake muda wote na anastahili kushindana na wazima. Alimsoma Kangwa: kumi na moja, sasa anajiinua mwenyewe kutoka chini hadi kwenye kiti, jambo ambalo Oktoba hakuliweza, na halihitaji kulinganishwa na mbio za mtu. Kwa kila mmoja alitaja alichoweza zamani na anachoweza leo, kwa maneno mafupi, na mama Julienne alimfuata kwa kalamu bila kumwomba arudie.

“Bénie,” alisoma. “Saba juu ya ishirini. Juni iliyopita mita ishirini na nne, leo mita tisa. Sababu: kifaa ni kifupi kwa vidole vinne na kimemtoboa ngozi. Shule iliona, haikuandika.”

“Julienne,” mkurugenzi alisema, “hilo la mwisho usiandike.”

Mama Julienne alisukuma miwani juu ya pua. “Nilisha kuandika, Directeur.”

“Ukate.”

“Aliyesoma njo anakata.”

Wote wakamgeukia Alphonse. Alikuwa amekwisha kukaa.

Mkurugenzi alikatiza kikao, akisema kitaendelea baada ya saa sita, na walimu walitoka kwa haraka ya watu wanaotaka kuzungumza. Mama Julienne alibaki mezani kwake karibu na mlango muda wa kunakili ukurasa mmoja. Alipomaliza aligonga muhuri, mara moja, kwa nguvu, akatoka nje nao mkononi pamoja na karatasi. Alphonse alimwona kupitia dirishani akimpa Dorine karatasi ile, na Dorine akiisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Hakumtafuta mwalimu kwa macho. Alifungua kitambaa alichofungia kichwani, akaifunga karatasi ndani yake, akaanza kuteremka kuelekea barabara iendayo kwa masista.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa mlango wa pili. Jean-Claude Lombe hakwenda huko. Alibaki katika darasa la sita, amesimama kati ya madawati, akamgeukia Alphonse.

“Yule mama hajafika mu barabara,” alisema. “Toka, umufuate. Mwambie ulikosea kusoma, umurudishie karatasi ingine. Anakuamini.”

“Haniamini tena.”

“Alphonse. Sijawahi kukuomba kitu. Miaka thelathini na sita.” Hakusema petit. “Unajua ile siku niliona nini? Nilifikiri utakufa ku mugongo yangu. Niliona ulinyamaza, nikaanza kukimbia, mu matope. Miye nilikuwa mutoto pia. Sasa nakwambia unilipe, na malipo ni ile karatasi.”

Alphonse alihisi maneno hayo yote mahali yalipolengwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuyasema. Alivuta pumzi, akajibu kwa Kiswahili cha darasani, kile walichofundishwa pamoja, kwa sababu hakutaka neno lolote lilegee.

“Ulinibeba, grand. Kilomita kumi na nne. Sijapata kusahau hata moja, na nikifa nitakuwa bado nadaiwa. Lakini ulinifikisha wapi? Ulinifikisha kwa mwuguzi, na mwuguzi aliutazama mguu akaandika kwamba umevunjika sehemu mbili. Hakuandika kwamba ni mzima ili nisione haya. Angeandika hivyo, mgongo wako ungekuwa umechubuka bure.”

“Donc haulipi.”

“Niombe shamba la baba. Niombe nikubebe mimi, leo, kutoka hapa mpaka Kilwa. Niombe niondoke katika shule hii, nitaandika barua sasa hivi.”

“Naomba karatasi.”

“Hiyo hapana,” Alphonse alisema. “Kwa mguu wa mtoto wa mtu, silipi.”